Jenereta inapochemsha: yanayosemwa na ukweli wake

Jenereta ya akiba ya nyumbani inayopozwa kwa maji hujizima yenyewe joto la injini likipita kiwango. Ushauri unaofuata hapo, mara nyingi, ndio unaoua injini.

"Iache ipoe kidogo, uiwashe tena." Kujizima huko ni kinga. Ukiilazimisha bila kujua sababu, silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini) hupinda na gasketi yake, yaani kizibo cha kati kinachozuia kuvuja, huungua. Ukiona mapovu kwenye rejeta (kipoza maji ya injini) au oili imegeuka rangi ya maziwa, madhara yameshafika ndani, muite fundi.

"Toa themostati." Hii ni vali inayofunguka kwa joto ili maji ya injini yapite kwenye rejeta. Huu ndio ushauri ninaoupinga kuliko wote. Ni kweli themostati ikikwama imefunga, injini itachemsha. Lakini dawa ni kuibadilisha. Ipime kwenye sufuria ya maji ya moto yenye kipimajoto: ianze kufunguka karibu na nyuzi zilizochapwa juu yake. Katika injini kadhaa, themostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta. Ukiiondoa, njia hiyo hubaki wazi na joto huzidi. Hata injini isiyochemsha bila themostati hufanya kazi ikiwa baridi mno, na huchakaa mapema.

"Mfuniko wowote wa rejeta unafaa." Hapana. Kulanti (kimiminika cha kupozea injini) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji huchemka kwenye nyuzi 107 hivi; chini ya mfuniko unaoshikilia shinikizo la baa 1, hufika karibu nyuzi 129. Mpira wa mfuniko ukichoka, kulanti huchemka na kumwagika mapema. Usiufungue ukiwa wa moto. Mvuke wake huunguza vibaya sana.

Kulanti tupu pia haipozi zaidi, kwa sababu hubeba joto kidogo kuliko maji. Maji ya bomba nayo huacha magaga ndani. Changanya kulanti na maji safi yasiyo na chumvichumvi.

"Fungua milango ya kasha ipate hewa." Kasha limeundwa kuongoza hewa ipite kwenye rejeta. Milango ikiwa wazi, hewa hukata kona na rejeta hukosa. Afadhali umulike tochi upande mmoja wa rejeta: mwanga usipopenya, vumbi na majani vimeziba kati ya mapezi (vibati vyake vyembamba). Angalia na mkanda wa feni, pia ukuta au kichaka kinachorudisha hewa ya moto.

Kabla ya kutia mkono, weka swichi kwenye kuzima kabisa na uchomoe waya hasi wa betri. Umeme ukikatika, jenereta iliyoachwa kwenye hali ya kujiwasha itanguruma vidole vyako vikiwa kwenye feni.

Na ukishajaza kulanti, toa hewa iliyonaswa ndani, iendeshe bila mzigo, kisha ikipoa angalia kiwango tena. Mara nyingi kitakuwa kimeshuka.