Kyureta na mkurugenzi wa makumbusho ya sanaa: yanayosemwa na yalivyo

Koyo Kouoh, mzaliwa wa Douala, Kameruni, mwaka 1967, aliongoza makumbusho ya Zeitz MOCAA mjini Cape Town, na mwishoni mwa 2024 akawa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kukabidhiwa Biennale ya Venice, maonyesho makubwa ya sanaa yanayofanyika Italia kila baada ya miaka miwili. Safari yake inatosha kupangua mengi yanayosemwa kuhusu kyureta, yaani mratibu wa maonyesho ya sanaa.

Dhana: Lazima uwe mchoraji au uwe na shahada ya historia ya sanaa.

Kouoh alisomea biashara na benki Uswisi. Okwui Enwezor, Mnaijeria aliyeongoza Documenta ya 2002, maonyesho makubwa ya sanaa mjini Kassel, Ujerumani, na Biennale ya Venice ya 2015, alisomea sayansi ya siasa Marekani na akaingia kwenye sanaa kwa njia ya ushairi na uandishi. Shahada ya sanaa inasaidia, ila haimfai kitu mtu asiyeweza kuandika maneno 150 ya ukutani yakaeleweka na mgeni aliyesimama, wala kusoma mkataba hadi kifungu cha mwisho. Jicho la kuchagua wengi wanalo. Bajeti ndiyo inayowashinda.

Dhana: Kyureta huchagua michoro mizuri na kuitundika.

Kutundika ni kazi ya siku chache. Yanayotangulia huchukua miezi, na kwa maonyesho makubwa mwaka mmoja na nusu hadi mitatu. Kwanza hupatikana swali ambalo maonyesho yatalijibu, halafu orodha ya kazi za sanaa, halafu barua za kuomba kuziazima. Makumbusho mengi makubwa hukataa ombi linalofika ikiwa imebaki chini ya miezi sita kabla ya maonyesho. Mengine hutaka mwaka mzima. Mkataba wa kuazima lazima useme nani analipia makasha ya mbao, usafiri, forodha na bima. Bima ya maana huanza mchoro unaposhushwa kwa mwenyewe na kwisha unaporudi pale pale. Anayekata bima ya siku za maonyesho tu ameiacha barabara na uwanja wa ndege, na huko ndiko hatari ilipo.

Kasha likifika halifunguliwi papo hapo. Huachwa saa 24 lizoee hewa ya jengo. Kisha kila kazi humulikwa kwa tochi kutoka ubavuni, ikapigwa picha mbele, nyuma na pembe zote, na kila mkwaruzo ukaandikwa kwenye taarifa ya hali inayotiwa saini na pande zote mbili. Ukiiruka hatua hii, mkwaruzo uliotoka Lagos utaulipa wewe.

Linabaki suala la hewa na mwanga. Makumbusho mengi hulenga unyevu wa asilimia 40 hadi 60 na joto la nyuzi 16 hadi 25. Dar es Salaam na Mombasa unyevu huvuka 70 mara nyingi, na hapo karatasi hujikunja na kuota ukungu. Kosa linaloonekana sana ni kuwasha kiyoyozi mchana na kukizima usiku ili kubana matumizi ya umeme: turubai na mbao hutanuka na kunywea kila siku, mwishowe rangi inapasuka. Heri joto kidogo lisiloyumba kuliko baridi ya muda wa saa nane tu kwa siku. Kazi za karatasi na vitambaa, khanga zikiwemo, zisizidishiwe mwanga wa luksi 50. Rangi ya mafuta huvumilia 200. Rangi iliyopauka hairudi. Na kitovu cha mchoro hukaa sentimita 145 hadi 155 kutoka sakafuni, kwa kupima na futi, maana macho hudanganywa na dari iliyoinama.

Dhana: Mkurugenzi ni kyureta aliyepandishwa cheo.

Ni kazi nyingine kabisa. Zeitz MOCAA ilifunguliwa Septemba 2017 ndani ya ghala la zamani la nafaka bandarini, ikitegemea mkusanyo wa mfanyabiashara Mjerumani Jochen Zeitz ulioazimwa kwa muda mrefu. Mkurugenzi wa kwanza aliondoka 2018. Kouoh alipoingia 2019 alikuta jengo linalosifiwa kuliko kilichomo ndani yake, na mezani pake palikuwa na bodi, wafadhili, mishahara na ulinzi kabla ya mchoro wowote. Mwaka uliofuata ikaja korona na milango ikafungwa. Makumbusho yalipofunguliwa tena, wakazi wa Cape Town walikuwa wameombwa walete sanaa walizonazo majumbani, zikapatikana karibu 2,000. Kyureta mwenye msimamo mkali juu ya ubora angekunja uso. Mkurugenzi alikuwa anajibu swali tofauti: jumba hili ni la nani?

Novemba 2022 yakafuata maonyesho ya When We See Us, karne nzima ya wachoraji weusi wanaochora watu weusi, ambayo baadaye yalikwenda Basel na Brussels. Maonyesho yanayosafiri yana faida isiyoonekana ukumbini: gharama za utafiti, kitabu na makasha hugawanywa kwa wenyeji kadhaa badala ya kubebwa na mmoja.

Dhana: Wanatajirika kwa kuuza michoro.

Kanuni za maadili za ICOM, baraza la makumbusho duniani, haziruhusu wafanyakazi wa makumbusho kufanya biashara ya kazi za sanaa. Makumbusho yenyewe yakiuza kitu, fedha hurudi kwenye mkusanyo. Muuzaji ni mwenye nyumba ya sanaa (galari), na hata yeye akikuuzia mchoro, haki ya kuuchapisha kwenye fulana hubaki kwa msanii mpaka iandikwe vingine.

Dhana: Kyureta wa Venice ndiye anayechagua mabanda ya nchi.

Yeye hupanga maonyesho ya kati tu. Kila nchi yenye banda lake la maonyesho hujichagulia. Ndiyo maana mwaka 2015, Enwezor akiwa ndiye kyureta mkuu, banda lenye jina la Kenya liliandaliwa likiwa limejaa wasanii wa Kichina, hadi wasanii wa Kenya walipopaza sauti na serikali yao ikajitenga nalo. Aliyestahili kuulizwa alikuwa Nairobi. Uganda iliingia mara ya kwanza 2022, Tanzania 2024.

Dhana: Bila kuanzia Ulaya hufiki.

Kouoh aliondoka Zürich kwenda Dakar miaka ya 1990, na 2008 akaanzisha RAW Material Company, kituo kidogo cha sanaa, maktaba na mijadala. Kwa anayeanza, michoro 12 ya wasanii watatu, ukuta wa kuazima na asilimia 10 ya bajeti iliyowekwa kando kwa dharura vinatosha. Nafasi Art Space ya Dar es Salaam ni mahali pazuri pa kuona jinsi wengine wanavyofanya.

Dhana: Kyureta akifa, maonyesho yamekufa.

Kouoh alifariki tarehe 10 Mei 2025. Kabla ya hapo alikuwa ameshaandika wazo kuu la maonyesho ya Venice, akachagua wasanii na kuteua washauri wake. Mwezi huohuo Biennale ilitangaza kuwa timu aliyoiunda itaendelea na mpango wake, kwa jina alilolichagua mwenyewe, In Minor Keys, kuanzia 9 Mei hadi 22 Novemba 2026.