Acha kulilaumu jiwe

Nimeulizwa tena: "Fundi, gobore langu halitoi cheche, niagize mawe ya aina gani?" Aliyeuliza alikuwa amekwisha kununua meusi, ya kahawia, mpaka yale yaliyokatwa kwa msumeno. Gobore la gumegume, ameliunga mwenyewe nyumbani kutoka kwenye seti, kitako kinang'aa hadi unajiona usoni. Ukifyatua, kwa! Basi. Hakuna kinachowaka.

Ndugu zangu, jiwe halitoi cheche. Cheche ni chuma. Gumegume ni gumu kuliko kile kibao cha chuma kinachofunika sahani ya baruti, kwa hiyo likikipiga kwa pembe inayofaa linakwangua vipande vidogo vya chuma, vyenye joto kiasi kwamba vikikutana na hewa vinaungua. Hicho ndicho kinachodondokea kwenye sahani. Usiponiamini, tandika karatasi nyeupe chini ya mtambo, yaani ile sehemu ya kufyatulia yenye nyundo inayobeba jiwe, fyatua mara kadhaa bila baruti, kisha pitisha sumaku chini ya karatasi. Vumbi jeusi litaifuata sumaku. Jiwe halifuati sumaku.

Kwa jiwe nadai mambo matatu tu: makali yawe makali kweli, yaguse kibao kwa upana wake wote, na lenyewe libanwe kwa ngozi au bamba la madini ya risasi lisichezecheze. Rangi yake hainihusu.

Sasa kibao. Chukua tupa nzuri, ijaribu pembeni, mahali jiwe lisipopita. Ikiteleza kama juu ya kioo, kibao ni kigumu vya kutosha. Iking'ata, ni laini, na hata ungeleta mlima mzima wa mawe utapata mikwaruzo mirefu na cheche chache nyekundu zinazokufa kabla ya kufika chini. Seti nyingine huja na kibao kilichopewa ugumu wa juujuu tu. Kinafanya kazi vizuri, kisha ngozi ile ngumu ikilika, kwisha. Dawa ni kukipa ugumu upya: kama chuma chake kina kaboni ya kutosha, kinapashwa hadi sumaku isikishike, kinazamishwa kwenye mafuta, kisha kinapashwa tena kwa moto mdogo kisije kikavunjika kama sahani ya udongo. Kama hakina kaboni, lazima kilishwe kwanza, kwa mkaa wa mifupa kwa mfano. Usiyejua chuma chako ni kipi, mpelekee anayejua.

Lakini mara nyingi kibao nacho hakina hatia, na hapa ndipo ninapokasirika, kwa sababu hakuna anayetaka kusikia kwamba kosa liko kwenye ile mbao ya kitako aliyoipiga msasa wiki nzima.

Fanya hivi. Kwanza hakikisha gobore ni tupu: shusha mdeki, ile fimbo ya kushindilia, ndani ya mtutu hadi ugote, weka kidole usawa wa mdomo, utoe, uulaze kando ya mtutu kwa nje. Usipofika karibu na tundu la kuwashia, ndani mna kitu, simama hapo hapo. Baruti iwe chumba kingine kabisa. Kisha fungua skrubu za mtambo, utoe kwenye mbao, ubane kwenye jiriwa yenye midomo ya ngozi, na ufyatue. Cheche zinamwagika, nyeupe na njano? Haya, urudishe kwenye mbao, kaza skrubu kwa nguvu kama ulivyozoea, fyatua tena. Mbili tatu, za kuona haya. Jiwe ni lile lile, kibao ni kile kile.

Kilichobadilika ni kwamba springi kubwa, ile inayosukuma nyundo, sasa inasugua mbao. Mtu amesikia kwamba mtambo unatakiwa kukaa ndani ya mbao bila upenyo, akaamini ni kila mahali. Hapana! Ukingo wa bamba la nje la mtambo ndio ukae bila upenyo. Viungo vya ndani vinatembea, vinahitaji nafasi. Nyundo ikipunguzwa kasi hata kidogo, jiwe halikwangui, linasukuma tu. Na skrubu ikikazwa kupita kiasi inapinda bamba lenyewe, viungo vinabanana. Nimeona mitambo "mibovu" ikipona kwa kulegeza skrubu nusu mzunguko.

Pa kuchimba utapajua kwa masizi. Paka springi na viungo masizi ya mshumaa, rudisha mtambo, vuta nyundo, fyatua, toa. Penye doa jeusi ndipo panapogusa. Kwangua doa hilo tu kwa patasi, unyoya mmoja mmoja, rudia. Usichimbe ovyo: hapo ndipo kitako kilipo chembamba, na magobore mengi ya zamani yamevunjikia hapo hapo. Halafu kuna wanaomimina vanishi ndani ya shimo "kuzuia unyevu", ikaganda nene na kujaza nafasi yote waliyoichimba. Paka, ndiyo, kwa sababu mbao tupu huvimba msimu wa mvua na kubana mtambo uliokuwa mzima. Ila iwe mkono mmoja mwepesi, wa mafuta.

Kuna jambo moja ambalo vitabu hulisema kwa uhakika nisio nao: kwamba upande wa jiwe uliochongwa mshazari utazame juu. Mitambo mingine inafurahia hivyo, mingine inataka utazame chini, na nimekutana na miwili ya seti za aina moja iliyotofautiana. Kanuni ninayoiamini sina. Geuza jiwe, ufyatue gizani, uhesabu cheche. Na kama ukishageuza bado hazitoki, usiniandikie kuhusu mawe kabla hujafungua zile skrubu.