Saa inayotoka kwenye seva hufika ikiwa imechelewa

Kifaa kidogo kama ESP8266, chipu ya kompyuta yenye Wi-Fi, hakina betri ya kutunza saa. Umeme ukikatika na kurudi, kinaanza kuhesabu upya kutoka sifuri. Kama kazi yake ni kurekodi joto la friji ya chanjo, rekodi zote za baada ya hapo hazina maana. Kwa hiyo mimi huanza na NTP, itifaki ya kuuliza saa kwa seva ya mtandaoni, kazi ya David Mills iliyotoka mwaka 1985.

Kuuliza kwenyewe ni kwepesi. Unafungua soketi (mlango wa programu wa mawasiliano) ya UDP, njia ya kutuma pakiti bila uthibitisho wa kufika, na kutuma baiti 48 kwa pool.ntp.org, kundi la seva za saa, poti 123. Baiti ya kwanza ni 0x1B, zilizobaki ni sifuri. Jibu nalo ni baiti 48, na wengi huishia kwenye mstari huu wa Python, unaosoma sekunde kutoka kwenye jibu:

`sekunde = struct.unpack("!I", jibu[40:44])[0] - 2208988800`

Namba hiyo ndefu ni sekunde zilizopo kati ya Januari 1, 1900, NTP inapoanzia kuhesabu, na Januari 1, 1970, inapoanzia saa ya Unix, ambayo kompyuta nyingi huitumia.

Lakini ulichosoma ni saa ambayo jibu liliondoka kwenye seva. Tuseme saa yako ilisoma sekunde 10.000 ulipotuma, seva ikapokea 12.100, ikajibu 12.110, jibu likakufikia saa yako ikisoma 10.210. Ukijiwekea 12.110 umeshabaki nyuma. Chukua 12.100 kasoro 10.000, unapata 2.1. Kisha 12.110 kasoro 10.210, unapata 1.9. Jumlisha, gawa kwa mbili: saa yako iko nyuma kwa sekunde 2 kamili, na saa sahihi ni 12.210. Hesabu hii inachukulia kwamba njia ya kwenda na ya kurudi ni sawa. Kwa mtandao wa simu mara nyingi si sawa, ila kosa halizidi nusu ya muda wa safari nzima.

Weka muda wa kusubiri kwenye soketi, maana pakiti ya UDP ikipotea hakuna wa kukuarifu. Na tafadhali usiulize kila sekunde. Seva za pool zinaendeshwa na watu wanaojitolea. Mara moja kwa saa inatosha kabisa.

Hifadhi UTC tupu, yaani saa ya kimataifa ambayo NTP hukupa. Sekunde 10,800 za Nairobi na Dar es Salaam ziongeze wakati wa kuonyesha tu, kwa sababu kifaa hichohicho kikienda Lubumbashi kitahitaji 7,200.

Halafu kuna Februari 7, 2036. Siku hiyo, saa tatu na dakika 28 asubuhi kwetu, sekunde za NTP zitajaza nafasi yao ya biti 32 na kurudi sifuri, na ule mstari wa juu utatoa namba hasi. Dawa yake iandike leo: kama sekunde ulizosoma, kabla ya kupunguza ile 2208988800, ziko chini ya 2147483648, ziongezee 4294967296.