Je, Kuchemsha Mboga za Mwitu Huondoa Kila Sumu?
Wengi jijini Nairobi huamini kwamba managu yaliyojiotea kando ya mto, yakichemshwa na maji yake kumwagwa, huwa salama kwa mchuzi. Imani hiyo ina msingi, kwani moto huua vijidudu na maji yakimwagwa huondoka na uchungu. Hata hivyo, madini ya risasi, ambayo mmea huyafyonza kutoka udongo uliochafuliwa, hayaangamizwi na moto wowote wa jikoni.

Muulize mchuuzi mboga zilikochumwa. Ukichuma mwenyewe, tazama kama jirani pana gereji, jaa la taka au bomba la maji machafu. Uchunguze pia mmea wenyewe: managu huwa na maua madogo meupe mfano wa nyota na vitunda laini vya mviringo, ilhali mnanaha, ambao sumu yake hustahimili kuchemshwa, huwa na ua refu kama tarumbeta na tunda lenye miiba. Mche usio na ua bado, mimi huuacha.