Taka za Dar haziwaki hivyo, jamani

Wamekuja wengine tena, kutuuzia tanuri la kuchoma taka lizalishe umeme. Kampuni ya teknolojia ya mazingira kutoka nje, slaidi zinang'aa, na ile picha ya Amager Bakke, kichomeo cha Copenhagen chenye mteremko wa mchezo wa skii juu ya paa. Diwani mmoja akaninong'oneza: "Mhandisi, kumbe Pugu tumekalia mafuta ya bure!"

Mheshimiwa, tumekalia maji.

Simama kwenye dampo letu la Pugu Kinyamwezi mwezi wa Aprili lori la sokoni likishusha. Mchuzi unatangulia kabla ya taka: maganda ya ndizi, matikiti, mchicha uliolala. Mwongozo wa Benki ya Dunia wa 1999 wa kuchoma taka unataka thamani ya joto (joto linalotoka kilo moja ya taka ikiungua) ya wastani isiyopungua megajuli 7 kwa kilo kwa mwaka, na isishuke chini ya 6 msimu wowote. Haya, chukua kilo moja yenye maji asilimia 60. Gramu 400 zilizobaki nazipa megajuli 16 kwa kilo, kwa ukarimu tu: unapata 6.4. Kuyageuza yale maji kuwa mvuke kunakula kama 1.5. Umebaki na 4.9. Unaanza kununua dizeli ili uchome matikiti.

Mchanga sijaugusa. Tunafagia barabara za vumbi, na mchanga unatoka chini ya tanuri kama ulivyoingia, umepata joto tu.

Ila linalonichosha kuliko yote ni zile asilimia za plastiki na maboksi kwenye slaidi. Zimepimwa majumbani! Kutoka mlangoni kwa mama hadi dampo, mwokota chupa kapita, wa maboksi kapita, vijana wa kwenye lori nao wamechambua njiani, na dampo kwenyewe kuna watu wanasubiri. Kinachowaka vizuri ndicho chenye bei. Kinachofika ni ukoko wa wali. Kwa hiyo ukitaka tanuri liwake, inabidi umnyang'anye mtu riziki yake, na hilo sijawahi kuliona kwenye slaidi yoyote.

"Mbona Addis Ababa wamejenga?" Wamejenga, ndiyo. Kichomeo chao, Reppie, kilizinduliwa Agosti 2018, kwa lengo la tani 1,400 kwa siku. Kiko pembeni ya Koshe, dampo lililoporomoka Machi 2017 na kuua watu zaidi ya 100. Ukiwa na mlima wa namna hiyo mjini, umeme unakuwa zao la pili. Na Ulaya kichomeo kinalipwa kwa kila tani kinayopokea, kisha kinauza joto la kupasha nyumba. Kariakoo nani atanunua joto?

Mboji ingefaa zaidi, wenzetu wa Kinondoni wanaifanya Mabwepande. Lakini ukiuliza nani ananunua mboji yenye vipande vya chupa, nami nakohoa.

Na nikiri jingine: hata namba zangu sizilalii usingizi mzito. Tunachanganya rundo, tunaligawa nne, tunatupa nusu, tunarudia, tunakausha kwenye oveni nyuzi 105, tunasaga. Mwisho kalorimita, chombo cha kupima joto la kitu kikiungua, inapewa gramu moja hivi, na hiyo gramu ndiyo inasema kwa niaba ya lori zima. Huenda kiangazi taka zetu zinavuka 6. Sijui.

Nikamuuliza kiongozi wa ujumbe sampuli zao walichukua lini.

"Agosti. Siku mbili."

Nikamwomba arudi Aprili, aje na gambuti.