Kinamasi ndani ya kioo: kutunza mimea inayokula wadudu sebuleni

Karibu kila mgeni anayeliona sanduku la kioo sebuleni kwangu huuliza swali lilelile: mimea hii unailisha nini? Swali hilo halinishangazi, kwa kuwa mmea unaomnasa nzi na kumyeyusha huonekana kuwa nusu mnyama, na mnyama hufugwa kwa chakula. Hata hivyo, katika miaka yote ambayo nimetunza mimea hii hapa Dar es Salaam, sijapata kupoteza hata mmoja kwa njaa. Niliyoipoteza, ambayo ni mingi kuliko ninavyopenda kukiri, iliuawa na maji mabaya, na udongo mzuri kupita kiasi, au na joto la usiku.

Ili jambo hilo lieleweke, ni lazima kwanza tuone mimea hii inatoka wapi. Kwa asili huota kwenye vinamasi, kwenye mchanga uliosafishwa na mvua kwa muda mrefu, au kwenye miamba inayochuruzika maji, yaani mahali penye maji na mwanga wa kutosha lakini pasipo na naitrojeni wala fosforasi ya maana. Sukari yake huitengeneza yenyewe kwa mwanga wa jua kama mchicha au mwembe unavyofanya, na inachokosa udongoni ndicho anachokitoa mdudu. Kwa mmea huu, basi, mdudu si ugali bali ni mbolea. Mwaka 1878 Francis Darwin, mwana wa Charles Darwin, alichapisha matokeo ya jaribio ambalo ndani yake baadhi ya mimea ya Drosera, ambayo hunasa wadudu kwa vinyweleo vyenye ute, ilipewa vipande vidogo vya nyama na mingine ikanyimwa: iliyonyimwa iliendelea kuishi, lakini iliyolishwa ilinawiri zaidi na kuzaa mbegu nyingi zaidi.

Upande wa pili wa maumbile hayo ndio unaotuumiza sisi watunzaji. Mizizi iliyozoea udongo maskini haina namna ya kuhimili chumvi na madini ambayo mimea ya kawaida huyaona kuwa neema. Shangazi yangu, ambaye ana mkono wa baraka kwa kila kinachoota, aliwahi kukaa kwangu wiki mbili nikiwa safarini, akaona mimea yangu imekaa kwenye udongo usio na rutuba, akaionea huruma na kuitilia kijiko kimoja kimoja cha mbolea ya bustani. Niliporudi nilikuta majani yamekuwa meusi kuanzia kwenye ncha. Shangazi mpaka leo anaamini kwamba mimea ile ilikuwa na ugonjwa wake mwingine.

Maji, kwa hiyo, ndiyo ninayoanza nayo kila mara. Wakuzaji wengi hutumia kipimo kidogo cha umeme kinachoonyesha kiasi cha madini yaliyoyeyuka, na kwa mimea hii tunapenda usomaji usiozidi 50, yaani sehemu 50 kwa kila milioni moja. Maji ya kisima kirefu niliyokuwa nikiyatumia mwanzoni, katika mtaa ulio karibu na bahari, yalisoma zaidi ya 800, nami nilikuwa nikiyachemsha kwa kudhani kwamba nayasafisha. Kuchemsha huua vijidudu, lakini chumvi hubaki sufuriani, tena hukolea kadiri mvuke unavyopanda. Maji ya kunywa ya chupa nayo hayaaminiki kwa jina lake tu, kwa sababu baadhi ya watengenezaji huyaongezea madini ili yawe na ladha. Soma lebo, au pima.

Yanayofaa ni maji ya mvua, na hapa tuna bahati ya masika na vuli. Mvua ya kwanza iache ioshe vumbi na kinyesi cha ndege kwenye bati, kisha kinga inayofuata kwenye ndoo safi na uihifadhi kwenye madumu yenye mfuniko ili usije ukafuga mbu. Kiangazi ninanunua maji ya betri kwenye kituo cha mafuta, lakini ni sharti yawe maji yaliyotoneshwa ya kuongezea betri na si asidi ya betri, ambayo wakati mwingine huuzwa kwenye chupa zinazofanana sana. Maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi nayo yana madini machache, na baadhi ya wenzangu huyatumia bila shida. Mimi huyatumia kwa tahadhari, kwa kuwa yamepita juu ya vyuma na vumbi la miezi mingi.

Sasa sanduku lenyewe. Habari ya kukuza mimea ndani ya kioo kilichofungwa ilivuma baada ya daktari wa London, Nathaniel Ward, kugundua mnamo mwaka 1829 kwamba kangaga na nyasi zilichipua ndani ya chupa yenye udongo alimokuwa amemhifadhi bundo wa nondo. Hewa ya London ya wakati huo ilikuwa imejaa moshi wa makaa ya mawe, na kioo kiliukinga mmea. Hewa ya Dar es Salaam haina ukavu wa kutisha, na mtu asiyewasha kiyoyozi angeweza kuweka baadhi ya mimea hii dirishani bila sanduku lolote. Mimi nina sanduku kwa sababu kiyoyozi hukausha chumba, na mijusi ya ukutani hupenda kunywa umande wa majani. Kwa mkazi wa Dodoma, ambako kiangazi hukausha hata midomo, sanduku lina maana kubwa zaidi.

Ninatumia tangi la samaki la kawaida lenye urefu wa sentimita 60. Sipandi moja kwa moja ndani yake, bali kila mmea una kopo lake la plastiki lenye matundu, na makopo yote yamesimama kwenye maji yenye kina cha sentimita moja au mbili. Tangi lililopandwa kama bustani hupendeza kwenye picha, lakini siku mmea mmoja ukiingiwa na ukungu huwezi kuutoa bila kuwasumbua majirani zake, na chumvi ikikusanyika udongoni huna pa kuimwaga. Kopo unalitoa, unalimwagia maji safi mengi hadi yapite chini, kisha unalirudisha.

Udongo bora ni piti, yaani mabaki ya mmea wa sfagnamu yaliyolala kinamasini kwa maelfu ya miaka, ukichanganywa na perlaiti, yaani chembe nyeupe nyepesi za mwamba wa volkano. Piti kwetu huagizwa kutoka nje na bei yake si ya kuchezea, hivyo wengi hukimbilia vumbi la makumbi ya nazi. Linafaa kwa sharti moja: makumbi mara nyingi hubeba chumvi, kwa hiyo liloweke na kulikamua mara nyingi, ukipima maji yanayotoka, mpaka kipimo kishuke. Mchanga wa pwani usiuguse kabisa. Umejaa vipande vya makombe na matumbawe, ambavyo ni chokaa, na chokaa huondoa uchachu ambao mizizi hii inautaka.

Kuhusu mwanga, sanduku la kioo lisikae juani hata kwa saa moja, kwa maana joto huingia na kukosa pa kutokea, na mimea hupikika. Taa nyeupe za LED zilizotundikwa sentimita 20 hivi juu ya majani, zikiwaka saa 12 hadi 14 kwa siku, zinatosha. Drosera yenyewe hukueleza kama imeridhika: ikipata mwanga wa kutosha, spishi nyingi huona haya usoni, yaani vinyweleo vyake huwa vyekundu na kila kimoja hubeba tone la ute linalometa, na ikikosa hurefuka, huwa ya kijani kibichi na matone hupungua. Mfuniko wangu una uwazi upande mmoja, pamoja na feni ndogo ya kompyuta, kwa sababu hewa iliyotulia ndiyo mwaliko wa ukungu.

Jambo la mwisho ambalo mnunuzi hulifikiria, na ambalo lingepaswa kuwa la kwanza, ni joto la usiku. Mmea ambao kila mtu anautaka ni Dionaea muscipula, ule wenye taya zinazofumba mdudu akigusa vinyweleo vyake mara mbili ndani ya sekunde 20 hivi. Kwao ni sehemu ndogo ya majimbo ya North Carolina na South Carolina nchini Marekani, ambako kuna majira ya baridi, na bila mapumziko ya miezi mitatu hivi ya baridi hudhoofika mwaka hadi mwaka. Ndani ya sanduku lenye joto huku pwani unanunua maua ya msiba. Njombe au Mbeya ningeujaribu, lakini nje, si sebuleni.

Hali kadhalika zipo Nepenthes, zenye mitungi inayoning'inia kwenye ncha za majani, na hizi hugawanyika waziwazi: za milimani huhitaji usiku wenye nyuzi 10 hadi 15, ilhali za nyanda za chini, kama N. ampullaria na N. rafflesiana, hufurahia usiku uleule wa Februari unaotufanya sisi tugeuze mto mara kumi. Ubaya wake ni kwamba hutambaa na kurefuka, na tangi litazidiwa.

Kwa anayeanza, ninapendekeza Drosera adelae ya misitu ya Queensland, Australia, inayovumilia mwanga wa wastani na unyevu mwingi, pamoja na D. capensis ya Rasi ya Afrika Kusini, ambayo huvumilia makosa. Hata kwetu zimo: D. madagascariensis huota kwenye vinamasi vya Afrika ya kitropiki, Tanzania ikiwamo, na wakulima wengi wamepita kando yake bila kuinama. Usiing'oe. Mmea uliotolewa kinamasini mara nyingi hufa, ilhali mbegu zake, ambazo ni ndogo kama vumbi, huota zikinyunyizwa juu ya piti yenye unyevu bila kufukiwa.

Nikirudi kwenye swali la wageni, ninailisha kidogo. Vijinzi vinavyozunguka ndizi mbivu hujiingiza vyenyewe kupitia uwazi wa mfuniko, na msimu wa kumbikumbi ninampa mmoja mmoja, bila mbawa, kila Drosera kubwa. Kipande kikubwa cha nyama ya jikoni huoza kabla hakijayeyushwa, na jani huenda nacho.

Ukitaka kuongeza mimea, kata jani zima la Drosera, liweke kwenye chupa yenye maji ya mvua chini ya taa, na usubiri wiki kadhaa. Jani langu la mwisho la D. adelae limetoa vichipukizi vitatu. Viwili nimemwahidi jirani, kwa sharti kwamba alete kwanza maji yake tuyapime.