Soul ya Kusini: maana yake na watu walioitunga

Soul ya Kusini ni ile R&B (rhythm and blues, muziki maarufu wa Wamarekani weusi) iliyorekodiwa katika miji michache ya kusini mwa Marekani, hasa Memphis katika jimbo la Tennessee na Muscle Shoals huko Alabama, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi katikati ya miaka ya 1970. Uimbaji wake ulilelewa katika makanisa ya Wamarekani weusi, na mdundo wake una damu ya bluzi. Wengi husahau kwamba usimulizi wake una deni kubwa kwa muziki wa kantri: kisa cha mtu mmoja, kosa moja, maneno machache yasiyo na mapambo.

Tukiitaja, midomo yetu hukimbilia kwa waimbaji: Otis Redding, Percy Sledge, Wilson Pickett, Aretha Franklin. Wanastahili. Lakini chini ya jina la wimbo, kwenye karatasi ya katikati ya santuri, kuna majina mengine kwa herufi ndogo. Hao ndio watunzi, na bila wao dhana hii haieleweki.

Chukua Memphis. Mwaka 1960, Jim Stewart na dada yake Estelle Axton waligeuza jumba la zamani la sinema kuwa studio, ile iliyokuja kuitwa Stax. Sehemu ya mbele Estelle alifungua duka la santuri, na vijana wa mtaa wakawa hawabanduki pale. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la vyakula, na mmoja wa wafanyakazi wake aliitwa David Porter. Aliungana na mpiga kinanda Isaac Hayes, wakawa wanawatungia Sam Moore na Dave Prater, waliojulikana kama Sam & Dave. Hayes na Porter walizijua sauti hizo mbili vizuri, kwa hiyo waliwapa nyimbo za kuitana na kuitikiana, kama mhubiri na waumini wake. "Hold On, I'm Comin'" ilitoka mwaka 1966. Mwaka uliofuata ikaja "Soul Man". Hayes alieleza kwamba wazo lake lilimjia baada ya kuona habari za ghasia za Detroit, ambako neno "soul" liliandikwa kwenye majengo ya watu weusi ili yasichomwe moto.

Mpangilio wa muziki haukuandikwa kwenye karatasi. Wimbo uliletwa studio, wanamuziki wakausikiliza, kila mmoja akatafuta nafasi yake hapo hapo. Bendi ya Stax, Booker T. & the M.G.'s, ilikuwa na weusi wawili na wazungu wawili, katika mji ambao ubaguzi ulikuwa bado unauma. Mpiga gita wao, Steve Cropper, mzungu, alikutana na mwimbaji Eddie Floyd katika Lorraine Motel, mahali ambapo watu wa rangi zote mbili waliweza kukaa pamoja, wakatunga "Knock on Wood". Ni hoteli hiyo hiyo ambako Martin Luther King aliuawa tarehe 4 Aprili 1968. Baada ya siku hiyo hali ndani ya Stax haikurudi kuwa ya zamani, na mwishoni mwa 1975 kampuni ilifilisika.

Upande wa Alabama, prodyuza Rick Hall alipata kibao chake cha kwanza kupitia mhudumu wa hoteli, Arthur Alexander, aliyetunga na kuimba "You Better Move On". Mapato yake yalimwezesha Hall kujenga studio ya FAME. The Rolling Stones waliurudia wimbo huo, na The Beatles wakaimba "Anna", wimbo mwingine wa Alexander. Hata hivyo, mtunzi huyu aliishia kuendesha basi huko Cleveland kwa miaka mingi. Hilo linanisikitisha kila ninapomsikiliza.

Dan Penn, mzungu wa kijijini Alabama, alitunga na Chips Moman, prodyuza wa Memphis, wimbo "The Dark End of the Street" wakati wa mapumziko ya mchezo wa karata. Unahusu wapenzi wawili wanaokutana kwa siri na wanajua siku moja watafumaniwa. James Carr aliuimba mwaka 1967, na kwangu hakuna wimbo unaoonyesha vizuri zaidi soul ya Kusini ni kitu gani: maneno ni mepesi kiasi cha mtoto kuyaelewa, lakini Carr anayatamka kama mtu anayeungama.

Mtunzi pia ni suala la fedha, kwa sababu mrabaha wa utunzi humfuata aliyeandikwa, haufuati sauti. Percy Sledge alikuwa mhudumu hospitalini kabla ya "When a Man Loves a Woman" kushika namba moja Marekani mwaka 1966. Alisimulia mwenyewe kwamba alikuwa na mkono katika utunzi wake, ila aliwaachia wenzake wa bendi, Calvin Lewis na Andrew Wright, waandikwe kuwa watunzi. Michael Bolton alipourudia na kuufikisha tena namba moja mwaka 1991, fungu la watunzi lilikuwa la Lewis na Wright.